Safari ya Seli Ukingoni mwa Kidonda

Aliyejikata kidole akimenya muhogo huosha jeraha, hulifunga kwa kitambaa safi, na baada ya siku kadhaa hukuta pamefunga. Kwa kulizoea jambo hili tangu utotoni, wengi wetu twadhani ngozi hujivuta tu kama pazia. La hasha. Kidonda hufungwa kwa mwendo. Seli za ngozi zilizo ukingoni mwa jeraha huondoka zilipokuwa, zikatambaa juu ya nyama mbichi hadi zikutane na zile zitokazo upande wa pili. Ni ndogo mno, hata makumi yake hupangika ndani ya milimita moja. Vipi basi kitu kisicho miguu wala mikono kikasafiri?

Ndugu wasomaji, tumelichagua suala hili kwa kuwa ni nadra siku hizi kukuta ukoo usio na mgonjwa wa kisukari, na hofu kubwa ya mgonjwa huyo ni kidonda cha mguu kisichofunga.

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini. Katika utando huo zimechomoza protini ziitwazo integrini, ambazo kwa nje hushika nyuzi zilizo chini ya ngozi, na kwa ndani zimefungamana na kamba za seli yenyewe. Manahodha wetu wanaijua kazi hii: upepo ukikosekana, nanga hupelekwa mbele kwa mashua ndogo, ikatupwa, kisha kamba ikavutwa hadi chombo kisogee. Lakini nanga hiyo sharti ing'olewe na kupelekwa mbele tena, ama sivyo safari huishia hapo.

Ndivyo ilivyo kwa seli. Pale penye integrini zilizokwisha kazi, utando hubonyea kwa ndani, ukajikata, na kuwa kifuko kidogo kinachoelea ndani ya seli pamoja na nanga zake. Vifuko hivyo hupokewa katika vituo vya kupanga mizigo. Kilichochakaa huenda kuvunjwavunjwa, na kilicho kizima hupakiwa upya na kurejeshwa kwenye utando. Ipo njia fupi ya dakika chache, na ipo ndefu, ya nusu saa hivi, ipitayo karibu na kiini cha seli. Protini za jamii ya Rabu ndizo zinazokitambulisha kila kifuko, mithili ya anwani juu ya bahasha: Rabu 4 huhusika na njia fupi, Rabu 11 na ile ndefu. Mark Bretscher wa Cambridge alipotoa hoja katika miaka ya 1980 kwamba seli huumeza utando wake na kuurejesha upande wa mbele ili isonge, ubishi haukukosekana. Baadhi ya aliyoyasema yangali yakijadiliwa, ila kuzunguka kwa integrini sasa hakuna shaka.

Na vifuko vyenyewe vilifahamikaje? Hapa kina mama watatabasamu, maana jibu limo jikoni mwao. Katika miaka ya 1970, Randy Schekman wa Marekani alichagua kuchunguza hamira, hii hii tunayoumulia mahamri, kwa kuwa kila chembe ya hamira ni seli moja kamili. Yeye na mwanafunzi wake Peter Novick walitafuta hamira zenye kasoro, ambazo hukua vyema pakiwa na ubaridi wa kiasi, lakini zikipashwa moto hadi nyuzi 37 hukwama. Darubini ikawaonyesha vifuko vimerundikana ndani, mizigo isiyo na wa kuipakua. Kufikia 1980 walikuwa wamebainisha jeni 23 zinazoiendesha kazi hiyo, na nyingi zina ndugu zake katika mwili wa binadamu. Schekman alitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2013, pamoja na James Rothman na Thomas Südhof.

Njia hii ina upande wake wa kuogofya. Seli za saratani huitumia pia: zikiharakisha kurejesha integrini mbele, hupenya na kuhamia viungo vingine. Dawa ya kuzizuia yaweza kuzuia na vidonda visifunge, na huo ni mtihani mgumu kwa watafiti.

Kwa mwenye kisukari, taabu ni kinyume chake. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, seli za ukingoni hutambaa kwa uzito. Si haki kuvilaumu vifuko peke yake. Damu haifiki ipasavyo, neva hufa ganzi hata mtu asihisi mwiba, na zile nyuzi za kushikwa zenyewe huharibika kwa sukari iliyozigandia. Nanga ikiwa nzima na mchanga ukawa mbovu, chombo hakisogei.

Liko jambo moja la nyumbani ambalo twaona lafaa kuangaliwa upya, nalo ni desturi ya kukiacha kidonda wazi kipigwe na upepo hadi kikauke. Mwaka 1962 George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa majaribio ya wanyama, kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu wake lilifunikwa na ngozi mpya kwa takriban nusu ya muda wa lile lililokaushwa. Penye kigaga kikavu seli hulazimika kujichimbia njia chini yake, ilhali penye unyevu huteleza. Unyevu huo si wa kuloweka mguu katika maji, wala unga wa kahawa na majivu havina nafasi hapo.

Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila siku, na atiapo udhu akaushe vizuri baina ya vidole. Akiona kidonda, hata kisichouma, akipeleke kliniki mapema. Na pakiwa na harufu, uvimbe, wekundu unaoenea au weusi, aende siku hiyo hiyo.