“Kidogo” ni chupa ngapi?

Jumamosi asubuhi, Kibamba, Dar es Salaam. Chini ya turubai kando ya Barabara ya Morogoro, watu wamejaa kwenye mabenchi wakisubiri kupimwa presha na sukari bure. Zamu ya mzee mmoja, fundi magari mstaafu, inafika.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu.”

“Unatumia pombe?”

“Kidogo tu, mara mojamoja.”

“Sigara?”

“Sivuti kabisa.”

Muuguzi anaandika: pombe, kidogo, sigara, hapana. Kisha mashine inaubana mkono wa mzee na kutoa namba: 158 kwa 96. Namba hiyo inaandikwa kama ilivyo. Hakuna anayeandika “presha kidogo”.

Baadaye nilikaa na mzee kituoni akisubiri daladala. “Kidogo” yake ni bia tatu kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mfukoni alikuwa na kikopo cha ugoro.

Tuzifanyie hesabu hizo bia. Shirika la Afya Duniani huhesabu pombe kwa vipimo vya gramu 10 za kilevi halisi. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 inakaribia gramu 20, yaani vipimo viwili. Bia zake tisa ni kama vipimo 18 kwa wiki, na pombe hupandisha presha. Daktari atakayesoma “kidogo” anaweza kumwongezea vidonge bila kugusa chanzo.

Tumezoea kumlaumu mgonjwa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mzee huyu hakuficha. Aliulizwa sigara akajibu sigara, ugoro hakuulizwa. Hata mama aliyekaa nyuma yake alisema hafanyi mazoezi, ilhali kila siku hupandisha kilima na ndoo ya maji kichwani. Kwake mazoezi ni ya wenye raba.

Njia ya kuuliza vizuri ipo. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, ambalo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizotumika kulitengeneza, huuliza unakunywa mara ngapi, na siku unayokunywa huwa ni kiasi gani. Hata hapa Tanzania, katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliobaini kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha ya juu, tabia ziliulizwa kwa siku na kwa idadi.

Pale Kibamba ingetosha picha ya chupa, glasi na kata ya mbege mezani, na pazia la khanga kati ya meza na benchi. Nani atataja bia zake huku mzee wa kanisa akisikiliza mgongoni?

Nawe msomaji, usisubiri kuulizwa vizuri. Hesabu chupa za wiki iliyopita, taja na ugoro, kisha mwambie muuguzi aandike namba.