Kutoka Nesi wa Vitendo hadi Nesi Msajiliwa

Katika shule yetu wako wanafunzi wenye dada, shangazi, na hata baba, wafanyao kazi ya uuguzi huko Marekani. Muhula huu mmoja wao alinijia akaniuliza: "Mwalimu, dada yangu ni nesi, kila siku achoma sindano na kugawa dawa. Sasa atuambia kwamba amerudi shuleni ili awe nesi kamili. Je, hapo kwanza alikuwa nani?" Nilimwahidi kwamba nitamjibu humu gazetini.

Marekani wana manesi wa namna mbili wenye leseni ya uuguzi. Wa kwanza ni nesi wa vitendo, ambaye mafunzo yake huchukua kama mwaka mmoja. Wa pili ni nesi msajiliwa, asomaye miaka 2 au 3 chuoni, au miaka 4 akitaka digrii. Njia ile fupi ilibuniwa na mwalimu wa manesi, Mildred Montag, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati hospitali zilipokuwa na upungufu mkubwa wa manesi. Leseni hutolewa na baraza la uuguzi la kila jimbo, wala sheria za jimbo moja si lazima zifanane na za jirani yake.

Ukiwakuta wodini hutawatambua upesi. Wote wafunga vidonda, wote wapima presha, wote wagawa dawa. Tofauti yao kubwa ni katika kuamua. Mgonjwa aingiapo hospitali, nesi msajiliwa ndiye mwenye jukumu la kumchunguza kwanza na kupanga jinsi atakavyouguzwa. Nesi wa vitendo hufanya kazi chini ya uongozi wake, au wa daktari.

Tuseme yuko mzee aliyepasuliwa jana. Usiku presha yake yashuka, na moyo waenda mbio. Nesi wa vitendo ayaona hayo, ayaandika, na kupeleka habari mara moja; na akichelewa, mzee aweza kufa. Basi asidhani mtu kwamba kazi yake ni ndogo. Lakini nesi msajiliwa hana budi kwenda mbele zaidi: Je, damu yavuja ndani? Au ni dawa aliyopewa jioni? Lipi lifanywe sasa, wakati daktari yu njiani? Na lolote aamualo, yeye ndiye atakayeulizwa asubuhi.

Kwa hiyo dada anayerudi shuleni hafundishwi tena kuchoma sindano. Viko vyuo vyenye masomo ya kuvukia, ambayo humhesabia sehemu ya yale aliyokwisha soma, naye aweza kumaliza kwa mwaka mmoja hadi miwili. Lakini kwanza hutakiwa awe amefaulu masomo ya sayansi, hasa ya viungo vya mwili na kazi zake, na ya vijidudu viletavyo magonjwa. (Wale wanaosinzia katika kipindi cha Baiolojia na wasome tena sentensi hiyo.) Vyuo vingine hukataa alama za sayansi zilizopita miaka kadhaa, hata kama zilikuwa nzuri. Masomo ya darasani aweza kuyasoma nyumbani kwa kompyuta, lakini saa za wodini hazina njia ya mkato. Mara nyingi hulazimika kupunguza zamu za kazi, na mshahara hupungua pamoja nazo. Wazazi wanaoona fedha zinazokuja nyumbani zimepungua wasidhani upesi kwamba mtoto amewasahau.

Mwisho kuna mtihani wa leseni uitwao NCLEX, nao si ule aliofanya kwanza. Hufanywa kwa kompyuta, na maswali huwa magumu zaidi au mepesi zaidi kwa kadiri mtu anavyojibu. Idadi yake ni kati ya 85 na 150, kwa muda usiozidi saa 5. Swali moja la kawaida ni hili: katika wagonjwa wanne hawa, utamwendea nani kwanza?

Wako waliotaka kuruka yote hayo. Mwezi wa Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka juu ya watu 25 kwa uuzaji wa vyeti vya uuguzi vya uwongo zaidi ya 7,600, vilivyotoka katika shule tatu za Florida. Wanunuzi hawakusoma wodini hata saa moja kwa ajili ya vyeti hivyo, lakini karibu 2,400 walifaulu mtihani. Baadaye majimbo kadhaa yaliwafutia wengi leseni zao.

Basi kabla ya kulipa ada, dada na aangalie orodha ya vyuo vilivyokubaliwa na baraza la uuguzi la jimbo lake. Orodha hiyo haina siri, na hata mdogo wake aliye huku aweza kumsaidia kuisoma.