UZI: "Huko ng'ambo unasema chochote." Hebu tuipime hiyo sentensi

1/ Mjadala wa siasa huku Kisii na Nyamira hauishi bila sentensi mbili. Mmoja atasema, "Huko Marekani unamwambia kiongozi chochote na hakuna wa kukugusa." Mwingine atajibu, "Ndiyo maana watoto wao hawana adabu." Nimezisikia stendi ya Keroka, nimezisikia Daraja Mbili siku ya soko, na kwa WhatsApp ndio usiseme. Leo tuzipime zote mbili. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo wale wa kukimbilia matusi, tulieni kwanza.

2/ Hii si stori ya mbali kwetu. Ni familia ngapi hapa zimeuza ng'ombe au kuitisha mchango ili kijana aende kusoma nje? Minnesota peke yake ina jamii kubwa ya Wakisii. Kwa kundi la tuliosoma pamoja shule ya upili, mmoja yuko Minneapolis, mmoja Ujerumani, mmoja alisomea Kampala, mimi nilibaki nyumbani. Tukibishana, sote tunataja "uhuru wa kusema", lakini kila mtu ana maana yake.

3/ Tuanze na kwetu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo, uhuru wa sanaa, na uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi. Hapo kwa taaluma ni mwanafunzi na mhadhiri wametajwa, si wabunge na wanahabari tu. Kisha inaweka mipaka: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na kueneza chuki dhidi ya watu. Pia lazima uheshimu haki na sifa ya mwenzako.

4/ Huo mpaka wa chuki haukutoka hewani. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa 2008, baada ya damu ya uchaguzi wa 2007. Matamshi ya chuki ya kikabila yanaweza kukupeleka jela hadi miaka 3, au faini hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Familia nyingi za Wakisii zilizorudi kutoka Bonde la Ufa wakati ule zinajua maneno yanaweza kuchoma nyumba.

5/ Lakini kuna sheria nyingine ambazo mahakama zetu zimezikataa. 2016, Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile kilichotumiwa kukamata watu kwa posti za "kuudhi". 2017 ikafuta kosa la jinai la kuchafua jina. Mwaka huo huo likaondoka kosa la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma. Kwa hivyo mtu akikutisha kwamba kumkosoa afisa ni jinai, muulize ni kifungu gani. Kumharibia mtu jina bado kunaweza kukuletea kesi ya madai na ukalipa fidia. Hiyo ni tofauti na kufungwa.

6/ Sasa Marekani. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao ni ya 1791. Kwa maneno yake, Bunge halina ruhusa ya kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema. Mwaka 1969, Mahakama ya Juu ilisema serikali haiwezi kukuadhibu kwa hotuba mpaka iwe imekusudiwa kuleta uvunjaji wa sheria wa papo hapo, na iwe inaelekea kweli kuuleta. Ndiyo maana maneno ya ubaguzi ambayo hapa yangekufikisha kortini, kule mara nyingi hayana kesi. Hapo yule wa sentensi ya kwanza ana haki kiasi.

7/ Ila kuna kitu wengi hawaambiwi. Kinga hiyo inakulinda dhidi ya SERIKALI. Mwajiri binafsi au chuo binafsi ni mambo mengine. Mfano uko Minnesota kwenyewe, chuo kikuu cha Hamline mjini Saint Paul. Mwaka 2022 mhadhiri wa historia ya sanaa alionyesha darasani mchoro wa kale wa Mtume Muhammad, akiwa ametoa tahadhari kabla. Mwanafunzi Mwislamu akalalamika, na mhadhiri hakupewa kazi muhula uliofuata. Alishtaki chuo, na 2024 wakamaliza kesi kwa maelewano. Wengine walisema ni heshima ya dini, wengine wakasema ni taaluma imenyongwa. Polisi hawakuhusika popote.

8/ Na kama wewe ni mgeni, kuna viza. Juni 2025 Marekani ilianza kuwataka wanaoomba viza za wanafunzi waweke akaunti zao za mitandao wazi zikaguliwe. Mwaka huo huo kuna wanafunzi wa kigeni walionyang'anywa viza, baadhi yao baada ya kushiriki au kuunga mkono maandamano vyuoni. Hoja ya serikali: viza ni ruhusa, si haki. Hoja ya wanaopinga: mtu akiogopa kufukuzwa nchini, uhuru wake umebaki kwa karatasi. Kesi zikaenda mahakamani. Kijana wako wa Nyamira anayejaza fomu leo anajaza akiwa katikati ya huo ubishi.

9/ Ujerumani nayo? Katiba yao ya 1949 inalinda maoni. Lakini kukana kwamba Wayahudi waliuawa kwa halaiki ni kosa la jinai, na kuonyesha alama za Wanazi hadharani ni kosa. Hata kumtukana mtu ni jinai kule. Rafiki yetu alishangaa sana: matusi ambayo hapa Kenya yanaishia kwa vicheko au kesi ya madai, kule yanaweza kukuletea faini ya korti. Unaona? Kila nchi inazuia zaidi maneno yaliyowahi kuiumiza. Wajerumani wana miaka ya Hitler, sisi tuna 2007. Wamarekani waliogopa zaidi serikali yenyewe.

10/ Tuje karibu, Uganda. Mwaka 2019 mwanazuoni aliyewahi kuwa Makerere alifungwa miezi 18 kwa sababu ya shairi alilochapisha mtandaoni kumhusu rais. Mahakama Kuu ilibatilisha hukumu hiyo Februari 2020. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha "mawasiliano ya kuudhi". Kwa hivyo alishinda, ila miezi ya jela hakuna aliyemrudishia. Kenya pia tumeyaona. Mei 2025 mtengenezaji wa programu alikamatwa kwa tovuti ya kusaidia watu kutuma maoni bungeni kuhusu Mswada wa Fedha. Juni mahakama ikayakataa mashtaka. Alikuwa ameshalala korokoroni.

11/ Sasa shule, maana hapa ndipo tofauti yetu kubwa ilipo. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi waliofukuzwa kwa muda kwa kuvaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam. Ikasema mwanafunzi haachi uhuru wake kwenye geti la shule, mradi asivuruge masomo. Kwetu, Aprili 2025, wasichana wa Butere walizuiwa kuigiza mchezo wao wa "Echoes of War" kwenye tamasha la drama. Mahakama Kuu ikaagiza waruhusiwe. Walipofika Nakuru kulikuwa na vitoa machozi. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Katiba ilikuwa upande wao, na korti pia.

12/ Na darasani je? Wa Ujerumani anasema kule kuchangia kwa mdomo kuna alama. Ukinyamaza mwaka mzima unashuka gredi hata kama karatasi umepita. Minneapolis ni hivyo hivyo kwa madarasa mengi ya chuo. Aliyesoma Uganda alikuta bado wana 7-4-2-3, ule mfumo tulioacha 1985 tulipoingia 8-4-4. Kwa kidato cha 5 na 6 kule kuna somo la lazima linaitwa General Paper: unapewa swali la jamii au siasa, unatetea upande wako kwa hoja. Mimi huku niliandika insha ngapi za "asiyesikia la mkuu huvunjika guu"? Sikumbuki hata moja niliyoulizwa: na mkuu akikosea?

13/ Mtaala wa umilisi, huu wa 2-6-3-3-3, umeahidi kubadilisha hilo. Mawasiliano, fikra tunduizi na uraia vimeandikwa ndani yake. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza waliingia gredi ya 10. Lakini darasa la watoto 60 na mwalimu mmoja halina nafasi ya kila mtu kutoa hoja. Kwa hivyo mwanasiasa akiwaambia mtaala ni mzuri au mbaya, muulizeni idadi ya walimu kwanza. Fikra tunduizi bila walimu ni maneno ya kitabu.

14/ Turudi kwa "adabu". Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile staha kati ya mzazi na mwana, mkwe na mkwe. Ni kitu kizuri na sitaki kife. Lakini chinsoni inalinda familia. Haikuwekwa kumlinda mtu anayeshika bajeti ya kaunti. Ukimuuliza diwani barabara ya kupeleka majani chai kwa buying center imefika wapi, hujamkosea babako. Wanaochanganya hivi viwili wanajua wanachofanya.

15/ Kwa hivyo mtu akikwambia nchi fulani ina uhuru wa kusema, muulize maswali matatu. Moja: unalindwa dhidi ya nani? Serikali, mwajiri, chuo, au jirani? Mbili: ukishasema, unapoteza nini hata kabla korti haijaamua? Usiku korokoroni, viza, kazi? Tatu: shule ilikufundisha kujibu hoja, au ilikufundisha kunyamaza na kisha kutukana? Kwa swali la kwanza Kenya kwa karatasi iko vizuri kuliko tunavyodhani. La pili ndilo linatuangusha. La tatu liko mikononi mwetu.

16/ Ya kufanya. Mzazi wa anayesafiri: mwambie asome sheria za chuo na masharti ya viza kabla ya kusoma siasa za kule. Mwenye posti kali: kosoa kazi na pesa, achana na kabila la mtu, na uwe na ushahidi. Mwananchi: Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba taarifa, cha 37 kuandamana kwa amani bila silaha, na cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti kukushirikisha. Mwalimu: klabu ya midahalo haihitaji bajeti, inahitaji saa moja kwa wiki na wewe kukubali kupingwa. Agosti 2027 tunapiga kura. Wale watakaofika miaka 18 kufikia siku hiyo wako darasani sasa hivi.

Kama unasoma au ulisoma nje, tuambie hapa chini: ni kitu gani ungeweza kusema kule lakini si hapa, na kipi unasema hapa lakini si kule? Bila majina ya viongozi, tafadhali.