Hundi Inaporudishwa na Benki

Katibu wa chama aliyeko Tindiga akitaka kupeleka hundi benki hana budi kufunga safari hadi Kilosa mjini. Masika yakikolea na barabara ikiharibika, safari hiyo yaweza kumaliza siku nzima. Hundi ikikataliwa dirishani, mkulima aliyekwisha kupima mpunga wake ghalani hubaki bila malipo, na karo ya mwanawe haingoji. Mara nyingi sababu ya kukataliwa ni ndogo mno, nayo ilikuwa mikononi mwa waandikaji.

Kosa lililozoeleka ni tarakimu na maneno kutolingana. Sheria ya hati za malipo, ambayo chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, husema kwamba penye tofauti kiasi kilichoandikwa kwa maneno ndicho kinachofuatwa. Hata hivyo katibu asiitegemee kanuni hiyo, kwani kwa desturi benki huirudisha hundi ya namna hiyo kwa mwandikaji. Maneno yaanzie ukingoni kabisa, na nafasi inayobaki ipigwe mstari. "Laki mbili" iliyoandikwa katikati humwachia mwenye nia mbaya nafasi ya kutanguliza "milioni moja na", na tarakimu 1 mbele ya 200,000 haihitaji ufundi wowote.

Hundi iliyokosewa isisuguliwe wala kuandikwa juu yake. Iandikwe "IMEFUTWA", ibanwe pamoja na kishina chake, na kitabuni iandikwe nyingine. Tangu mwaka 2015 hundi za benki mbalimbali hupelekwa kwa picha, na picha haielezi kwamba aliyesahihisha alikuwa mwaminifu. Hundi iliyolala sandukuni zaidi ya miezi sita nayo huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati.

Jambo zito zaidi ni hundi tupu zilizotiwa sahihi mapema. Desturi hii haitokani na wizi. Hutokana na umbali: mwenyekiti anakaa kitongoji cha mbali, anakwenda shambani alfajiri, na katibu hataki kumfuata kila mara. Basi hutiwa sahihi hundi tano kwa mkupuo. Siku hiyo sahihi mbili zimegeuka kuwa moja, na ulinzi wote wa wanachama umo katika droo ya mtu mmoja. Droo ikivunjwa, mwenyekiti atajibu kwa fedha ambazo hakupata kuziona. Ni heri malipo yakawie siku mbili.

Nyuma ya hundi pia pana hatari. Hundi iliyopigwa mistari miwili usoni hailipwi taslimu dirishani; huingizwa katika akaunti. Ikiongezwa maneno "kwa akaunti ya mlipwaji tu", haifai kupewa mtu mwingine. Lakini hundi isiyo na kizuizi hicho, mlipwaji akitia sahihi yake tu nyuma bila kutaja jina, humwezesha yeyote anayeishika kudai malipo. Anayemhamishia mwenzake aandike kwanza "Mlipe" na jina kamili, kisha ndipo atie sahihi. Anayetaka taslimu asubiri kutia sahihi mbele ya karani.

Mnunuzi naye aelezwe mapema jina la chama kama lilivyosajiliwa, maana ufupisho au jina la zamani ni sababu tosha ya hundi kurudi. Hundi ya chama isiandikwe kamwe kwa jina la katibu au mwenyekiti, hata kwa kisingizio cha haraka. Nyuma yake iandikwe jina la chama na namba ya akaunti, na nakala ya hati ya kuweka fedha irudi kijijini ikiwa na mhuri.

Mhuri huo huthibitisha kupokelewa kwa hundi tu. Akaunti ya mnunuzi ikiwa haina kitu, hundi itarudi baada ya siku kadhaa, na chama kilichokwisha kuwalipa wakulima kitakuwa kimetoa fedha za watu wengine. Katibu aulize benki kama hundi imekubaliwa, ndipo aite wanachama kupokea malipo.