Moshi wa shabiki, mti wa ngitili

Mavuno yakishaingia ghalani, watu wa Kharumwa, wilayani Nyang'hwale mkoani Geita, huanza safari. Kuanzia Juni hadi Agosti ni msimu wa mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma. Makundi ya Bagika na Bagalu hukutana uwanjani, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Wengine huenda Bujora, Kisesa, kwenye tamasha la ngoma la Bulabo. Wapenzi wa mpira nao wana njia zao: timu ya Geita Gold ilipokuwa Ligi Kuu, kuanzia msimu wa 2021/22 hadi iliposhuka mwaka 2024, Simba na Yanga zililetwa karibu na mtu wa Nyang'hwale kuliko wakati wowote. Na tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, anayetoka Geita kwenda Mwanza hapangi tena foleni ya kivuko.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Wageni watakuja kwa ndege kutoka pande zote za bara na nje yake. Wakati huo lazima swali hili litaulizwa, kama linavyoulizwa sasa kwenye kila tamasha kubwa duniani: moshi wa safari zote hizo nani ataulipia? Jibu la haraka huwa lilelile. Ongeza kiasi kidogo kwenye tiketi, fedha ipelekwe kijijini, miti ipandwe, shabiki aambiwe safari yake haijaidhuru dunia. Fedha ya namna hiyo hutafuta ardhi na watu wa kuilinda, na itapita huku kwetu. Kwa hiyo ni vizuri tukaielewa kabla haijafika.

Tuanze na hesabu, maana haina ugumu wa kutisha. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Tuchukulie Coaster ya watu 28 iliyotumia lita 60 kwenda mpirani na kurudi: ni kama kilo 160, wastani wa chini ya kilo 6 kwa kila shabiki. Upande wa mti, karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, na kila kilo 12 za kaboni zikiungua huwa kilo 44 za hewa ukaa. Mti wenye kilo 100 za kuni kavu, basi, umefungia kati ya kilo 170 na 180 za hewa hiyo. Safari nzima ya Coaster inalingana na mti mmoja wa wastani. Lakini abiria mmoja wa ndege anayetoka Ulaya na kurudi huacha angani zaidi ya tani moja, peke yake. Yule aliyebanana na wenzake kwenye Coaster hadaiwi chochote cha maana. Mwenye deni ni wa ndege, na mpango wowote utakaomkata shilingi shabiki wa Kharumwa ili ripoti ya mashindano ipendeze ni dhuluma.

Moshi hutoka kwa siku moja. Mti unahitaji miaka mingi kukua, halafu uendelee kusimama kwa vizazi, kwa sababu sehemu ya hewa ile hubaki angani kwa karne nyingi. Ukikatwa na kuchomwa mkaa mwaka wa 12, deni linarudi lote.

Wakubwa wa dunia wameshaangukia hapo. Kabla ya Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, FIFA ilikadiria kwamba mashindano yangetoa tani milioni 3.6 za hewa ukaa, zaidi ya nusu ikitokana na usafiri, na ikatangaza kuwa zote zingefidiwa. Juni 2023 tume ya Uswisi inayosimamia ukweli katika matangazo ya biashara ilisema FIFA haikuwa na ushahidi wa kuthibitisha usemi huo. Bendi ya Coldplay ya Uingereza nayo ilifadhili miche 10,000 ya miembe kusini mwa India kufidia albamu yake ya mwaka 2002. Miaka michache baadaye waandishi wa habari walipokwenda kuangalia, walikuta mingi imekufa, na wakulima wakieleza kuwa hawakuwa na maji ya kuimwagilia.

Sasa turudi kwetu Usukumani. Hapa ndipo penye somo ambalo wauzaji wa kaboni, yaani wa fidia hiyo ya moshi, wangetamani tulisahau. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa. Vichaka vilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuua mbung'o, pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 ngitili nyingi walizoziacha, yaani malisho yaliyotengwa, zilivunjika. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao badala ya kuleta mbinu ngeni uliwarudisha watu kwenye ngitili: eneo linafungwa msimu wa mvua, nyasi na visiki vinaachwa vichipue, ng'ombe wanaingizwa kiangazi kikikaza. Dagashida, baraza la jadi, iliweka sheria, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia. Ngitili zilizojulikana mwanzoni zilikuwa hekta 600 hivi. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Kazi ile ni fahari ya nchi. Hata hivyo, siyo kaboni ya kumuuzia shabiki wa 2027. Mti uliochipua mwaka 1990 kwa sababu mzee alitaka malisho ya ndama wake ungekuwepo shabiki apande ndege au asipande. Fidia ya kweli ni ya mti ambao bila fedha hiyo usingekuwepo, au usingepona. Najua hili linauma: aliyetunza tangu zamani anaonekana kakosa, na aliyefyeka ndiye anayelipwa aache. Wanaostahili shukrani walipwe shukrani, kutoka mfuko wa serikali au wa wahisani, na ziitwe hivyo. Tukiziita fidia ya moshi, ndege itakuwa imeruka, hewa itakuwa imeongezeka, na hakuna mti hata mmoja mpya.

Palipo na hatari halisi kwa miti ni huku Geita, kwenye dhahabu. Fika kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, utazame shimo kabla ya kumtazama mchimbaji. Kutoka mdomoni kwenda chini kuta zimeshikiliwa na matimba, magogo yaliyolazwa kwa mraba, mraba juu ya mraba, mpaka jicho lishindwe kufuata. Kule chini kuna unyevu. Gogo likioza linabadilishwa, la sivyo udongo unashuka juu ya watu. Hakuna mwenye akili atakayemwambia mchimbaji apunguze matimba. Kwa hiyo kijiji kikifunga msitu wake kwa mkataba wa kaboni huku maduara yakiendelea kudai magogo, shoka litahamia kijiji cha pili. Kwenye makaratasi msitu umepona, wilayani miti imepungua vilevile. Mradi wa kuaminika hapa lazima uanze na shamba la miti ya matimba, na uhesabu shoka linakoelekea, siyo mahali lilipoondolewa tu.

Mifano mizuri ipo. Katika Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vijiji 8 vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vimepokea fedha za kaboni zinazofikia mabilioni ya shilingi, vikajenga zahanati na madarasa. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walitangulia. Nguvu ya miradi hiyo ni ardhi ya kijiji yenye hati na mpango wa matumizi unaojulikana. Kinyume chake kimeonekana kaskazini mwa Kenya, kwenye mradi wa nyanda za malisho uliouza kaboni kwa kampuni kama Netflix na Meta: Januari 2025 mahakama ilisema hifadhi mbili za Isiolo ziliundwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mnunuzi alishalipa, mfugaji hakuulizwa.

Majiko banifu nayo yanauzwa kama fidia. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulikuta miradi mingi ya majiko duniani imejihesabia karibu mara tisa ya moshi iliouokoa kweli. Jiko ni jema kwa mama na kwa mapafu yake. Hesabu yake ndiyo ya kuchunguzwa.

Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Waandaaji wa 2027 wana pa kuanzia. Kwanza wapunguze: timu na mashabiki wapangiwe vituo visivyowarusha angani kila baada ya siku tatu, na wanaoweza kupanda treni ya SGR wapande. Kitakachobaki walipishwe wa ndege. Kila tani iliyonunuliwa ina nambari kwenye rejista, na ikitumika hufutwa isiuzwe tena. Nambari hizo zitangazwe hadharani, mtu yeyote aweze kuzitafuta na kuona zinatoka msitu gani.

Na vipimo vifanywe na wenyeji. Siyo kazi ya kutoka mbali: utepe unazungushwa kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, namba inaandikwa, mti unawekewa alama, na baada ya miaka kadhaa mtu anarudi na utepe kwenye alama ileile. Kijana wa Nyang'hwale aliyemaliza kidato cha nne anaiweza, na atamjua pia aliyeukata usiku.

Siku wakala wa kaboni atakapoingia Kharumwa na mkataba, usomwe wote kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kisukuma, hadi ukurasa wa mwisho. Aulizwe mkataba ni wa miaka mingapi, tani moja anaiuza kwa nani na kwa dola ngapi, kijiji kinabaki na ngapi, ng'ombe wataingia malishoni mwezi gani, na matimba ya maduara yatatoka wapi. Asipokuwa na jibu la hilo la mwisho, mkutano uahirishwe, akalitafute.