Ukienda Texas, usinunue bando tu

Dada yangu mkubwa alikuwa na miadi ya kipimo Houston siku ya Jumatatu. Ijumaa kabla yake hospitali ilimpigia kumwambia kwamba saa imesogezwa mbele, na kwamba asile kitu tangu usiku. Wakapiga mara mbili. Sisi khabari hatuna. Jumatatu tukafika ameshakunywa chai ya maziwa na mkate, kipimo kikaahirishwa hadi Ijumaa. Siku nne za kulipa hoteli, na mgonjwa halali kwa wasiwasi.

Wala si kwamba tulikosa intaneti. Ilikuwepo tele. Kabla hatujaondoka Muscat, kijana wangu anayekaa Irving, jirani na uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth, alitununulia laini mbili za eSIM, zile zisizo na kadi: unapiga picha ule mraba wa QR, laini inaingia ndani ya simu. GB nyingi, bei nafuu. Tulipotoka kwenye ukumbi wa kupokea wageni, WhatsApp ikafunguka pale pale. Nikamwambia dada, "Umeona wepesi huo?" Kumbe laini zile zilikuwa za data tupu. Hazina nambari ya kupigiwa, na laini nyingi za wasafiri zinazouzwa mtandaoni ndivyo zilivyo.

Sasa fomu ya hospitali. Ilikubali tarakimu 10 tu, maana nambari za Marekani ndivyo zilivyo. Nambari ya Oman ina tarakimu 8, ukiweka na 968 mbele zinakuwa 11. Nikaandika, tarakimu ya mwisho ikaanguka, na mimi niliyesahihisha madaftari miaka thelathini na zaidi sikuiona. Sista aliyetufundisha hesabu skuli ya misheni alikuwa akituambia tusome suali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Angenichapa.

Sisi huku Ghuba kila kitu WhatsApp: fundi, duka la samaki, hata mwalimu wa watoto. Kule ofisi hazina mazoea hayo. Hospitali, duka la dawa, dereva wa teksi anayekutafuta mlangoni, wote wanapiga simu ya kawaida au wanatuma meseji, na wanataka nambari ya kwao. Kwa safari ya kutembea wiki moja, data tupu inatosha. Kwa safari ya matibabu, na wengi wetu Houston tunaijua kwa sababu ya Texas Medical Center, haitoshi hata kidogo.

Tuliponunua laini yenye nambari, mambo yakanyooka. Mitandao mikubwa ni AT&T, T-Mobile na Verizon, na yapo makampuni madogo yanayotumia minara yao kwa bei ya chini. Chukua laini ya kulipia kabla. Hii haidai ile nambari ya hifadhi ya jamii ya Wamarekani. Hata Walmart na Target zinauzwa. Bei iliyoandikwa siyo utakayolipa, kwani Houston na Dallas kodi ya mauzo ya 8.25% inaongezwa kaunta. Na chagua kifurushi chenye maongezi bila kikomo, maana kule kwenye vifurushi vya kuhesabu dakika hata anayepigiwa hukatwa.

Tizama na simu yenyewe. Mitandao yote mitatu ilizima 3G mwaka 2022. Dada alikuwa na kisimu chake cha vitufe anachokipenda kama mtoto. Kule kilikuwa saa ya mezani tu. Simu isiwe imefungwa kwa kampuni moja. Kujua kama inakubali eSIM, bonyeza *#06#. Ukiona neno EID, inakubali. Na kama jamaa amekuletea zawadi ya iPhone kutoka Marekani, kuanzia 14 nyingi ya hizo hazina kabisa tundu la kadi. Weka eSIM nyumbani ukiwa na waifai, na ule mraba uufungue kwenye simu nyingine au uuchape karatasini. Nilihangaika robo saa nikitaka simu ijipige picha yenyewe!

Laini yako ya nyumbani usiitoe wala usiizime. Zima romingi ya data peke yake, iache ipokee meseji, kwani benki itakutumia namba za siri humo. WhatsApp nayo ikikuuliza kama unataka kuhamia nambari mpya, kataa.

Kuhusu kuzungumza na waliobaki: Mombasa na Unguja WhatsApp inapiga vizuri. Muscat haipigi, kwa sababu simu za WhatsApp zimezuiwa upande wa huku. Tulitumia Google Meet. Mkumbuke saa pia. Oktoba tuliyokwenda, Muscat ilikuwa mbele kwa saa 9, na wajukuu walituamsha mara ngapi sijui.

Jambo moja halihitaji data kabisa. Kwenye kaunta ya pasipoti simu hairuhusiwi, na afisa atakuuliza unafikia wapi. Iandike anwani kwenye karatasi. Ramani nayo ipakue kabla ya kushika barabara ya I-45. Dallas hadi Houston ni kama kilomita 385, na kijana wangu anapoendesha haulizi njia mtu.

Alkhamisi ya juma lile tulikuwa chumbani hotelini tunakula wali. Simu ya dada ikalia, ikiwa na laini mpya ya 832. Alikuwa nesi, anataka kumkumbusha asile baada ya usiku wa manane. Dada akanitizama, akasukuma sahani ya wali upande wangu, akamjibu nesi kwa Kiingereza chake cha skuli: "Yes, madam."