"Ua la Tisza": Miaka mitatu udongoni, saa chache angani

Kwa siku chache kila mwaka, kuanzia katikati ya mwezi Juni, mamilioni ya wadudu wenye mabawa huibuka kutoka Mto Tisza nchini Hungaria na kutanda juu ya maji, kama kumbikumbi baada ya mvua. Wenyeji husema mto umechanua, na mdudu huyo humwita ua la Tisza. Jina lake la kisayansi ni Palingenia longicauda.

Ndiye mkubwa zaidi wa jamii yake barani Ulaya. Pamoja na mikia yake mirefu, hufikia sentimita 12.

Anaishi vipi? Kwa takriban miaka mitatu, buu hukaa chini ya maji, ndani ya kishimo alichochimba katika udongo wa mfinyanzi wa kingo za mto. Akishakomaa hutoka, huota mabawa, na hapo hubakiwa na saa chache tu za kuishi. Hali chakula. Kazi yake ni moja: kupata mwenza. Baada ya kupandana, majike huruka kuelekea yanakotoka maji, kisha hutaga maelfu ya mayai, ambayo husukumwa na mkondo yakizama.

Zamani mdudu huyu alipatikana katika mito mingi ya Ulaya, ukiwemo Rhine. Mwaka 1675, mwanasayansi wa Uholanzi Jan Swammerdam aliandika kitabu kizima kumhusu. Leo ametoweka Uholanzi, na makao yake makuu yamebaki Tisza na mito inayoungana nao.

Sababu ni uchafuzi wa maji na ujenzi wa kingo. Ukingo ukifunikwa kwa mawe au zege, buu hana pa kuchimba. Mwishoni mwa Januari 2000, bwawa la taka za mgodi wa dhahabu lilibomoka Baia Mare, Romania. Maji yenye sumu ya sayanidi, takriban mita za ujazo 100,000, yaliingia mitoni hadi Tisza na kuua samaki wengi mno.

Ua la Tisza bado linachanua. Lakini mdudu anayeruka jioni hii alianza maisha miaka mitatu iliyopita, hivyo kuonekana kwake ni ushahidi kwamba mto umekuwa salama kwa muda wote huo.